Usimpe Yeyo Samaki

LEMOMO: Haloo! Haloo, hapo ni kwa shemeji?

NKASIOGI: Ndiyo, Nkasiogi hapa. Nani mwenzangu? Sauti inakatika.

LEMOMO: Lemomo. Natumia simu ya Saruni, ninayechunga naye, yangu imezima. Hamjambo huko Nduruma?

NKASIOGI: Hatujambo wapi, shem! Afadhali umepiga. Kaka yako yuko mjini, hapatikani. Samaki wangu wanakufa!

LEMOMO: Wanakufa...

NKASIOGI: Bwawa lote jeupe, matumbo juu! Wengine wanazunguka kama walevi, wanarukia ukingoni. Jana tu walikuwa wanagombania pumba. Na Jumamosi ndiyo tunavua, Mama Sherbanu wa mgahawani ameshanitengea friji—

LEMOMO: Shemeji, ngoja. Maji ya mfereji uliyafungulia?

NKASIOGI: Asubuhi hii, si zamu yangu? Yameingia bwawa la juu. La chini bado—

LEMOMO: Funga! Nenda kafunge sasa hivi!

NKASIOGI: Mbona unanipigia kelele?

LEMOMO: Funga kwanza, nakuomba!

(Miguu inakimbia. Maji. Bati linagongwa kwa jiwe.)

NKASIOGI: Haya... nimeziba. La chini wazima, wanacheza. Lemomo, kuna nini?

LEMOMO: Hao waliokufa, hujampa mtu? Hakuna aliyekula?

NKASIOGI: Wa kwanza walipoelea nilidhani ni hewa tu imepungua majini. Nikakaanga watatu wasipotee bure. Nimempa Yeyo.

LEMOMO: Yeyo? Mama?

NKASIOGI: Mama yako, ndiyo.

LEMOMO: Mama hali samaki! Maisha yake yote anawaita nyoka wa majini.

NKASIOGI: Hukai hapa, utajuaje? Siku hizi nikimkaangia anarudisha sahani tupu. Yeye aliyetangaza kanisa zima kwamba nimeharibu shamba la mahindi kwa mashimo ya vyura! Siku ya kwanza alipokula, nilijifungia chumbani nikalia kwa—

LEMOMO: Mnyang'anye! Shemeji, mnyang'anye hiyo sahani! Kuna dawa ya kupe kwenye maji!

NKASIOGI: Mungu wangu. Yeyo! Yeyoo!

(Mlango unabamizwa. Mkwaruzo mrefu wa mtandao.)

LEMOMO: Shemeji? Anapumua? Haloo! Sema kitu!

NKASIOGI: Sahani tupu, Lemomo. Tupu!

LEMOMO: Mama yangu mie! Natafuta bodaboda, tumkimbize hospitali. Anatapika?

NKASIOGI: Amekaa tu ananitazama. Yeyo, umekula wote? Usinifiche, Yeyo, ni sumu! ... Eti? ... Rudia.

LEMOMO: Anasemaje?

NKASIOGI: Ngoja, Lemomo.

LEMOMO: Shemeji, anasemaje!

NKASIOGI: Anasema hajawahi kumeza hata kipande. Anamtupia mbwa, dirishani. Siku zote.

LEMOMO: Ni kweli? Mchungulie mdomoni!

NKASIOGI: Anaapa. Anasema nilikuwa nafurahi mno nikiiona sahani tupu, akaona vibaya kuniambia. (analia) Yuko mzima. Mbwa ndiye... yuko hapa chini ya dirisha, miguu inamtetemeka.

LEMOMO: Asante Mungu. Asante Mungu.

NKASIOGI: Lemomo.

LEMOMO: Nakusikia.

NKASIOGI: Umejuaje ni dawa ya kupe?

LEMOMO: Kwanza mwangalie Mama tena.

NKASIOGI: Ng'ombe leo umewaogeshea wapi?

LEMOMO: Josho ni mbali, shemeji, niliwaogeshea huku juu. Dawa ilibaki kwenye ndoo, na mfereji nilikuta umekauka... Kumbe leo ni zamu yenu ya maji. Nilipoona vyura wanaelea ndiyo nikachukua simu ya—

NKASIOGI: Jirani yangu Kaanaeli anachota kwenye mfereji huo huo. Maji ya kunywa. Ana mapacha wadogo.

LEMOMO: Yesu wangu.

NKASIOGI: Mimi nakimbia kwake. Wewe shuka na mfereji kutoka huko juu, kila nyumba, wasichote, wasinyweshe. Waambie ni dawa. Waambie umeimwaga wewe.

LEMOMO: Nitasema tu kuna dawa—

NKASIOGI: Watauliza ni dawa gani, ni kiasi gani, nani kaiona. Hawatamwaga ndoo zao kwa maneno ya nusu. Sema ni wewe!

LEMOMO: Salio la Saruni linaisha. Shemeji, hawa watu watanifukuza—

NKASIOGI: Wakufukuze wakiwa wazima! Kimbia, Lemomo! Nimeshatoka—

(Simu inakatika.)