Daftari la Waliouawa Mezani Kwangu

Ndugu zangu wa jumuiya, nashukuru kupewa nafasi baada ya sala. Niruhusuni niongee nimesimama huku nimeshika kiti hiki. Wengi mnanijua, mimi ndiye fundi viatu wa Majengo, kibanda cha pili baada ya mashine ya kusaga. Wengine mliwahi kunijua kwa jina jingine, lile la kunong'onezana. Silirudii. Sitamtaja mtu humu ndani, kwa hiyo aliyekuwepo asiinamishe kichwa, na ambaye hakuwepo asianze kuulizia.

Alikuja mjini kijana wa chuo, yuko kwenye mazoezi ya kazi, akaniletea buti lililoachia soli. Wakati anasubiri akatoa kwenye begi askari wadogo wa plastiki, urefu wa kidole, akawapanga kwenye benchi langu. Akasema huo ni mchezo wa vita. Unapima mwendo wa askari kwa futi, unarusha dadu kujua nani kapigwa, na mwenye kufikiri ndiye anashinda. Siku hiyo alikuwepo pia jirani yangu, mzee mmoja bwana shamba mstaafu, Mungu amrehemu, naye anasubiri viatu vyake. Tulicheza watatu mpaka nikasahau buti la watu kwenye gundi.

Kijana alipomaliza mazoezi aliondoka na askari wake, akatuachia dadu mbili. Mimi na mzee tukafinyanga wa kwetu kwa udongo wa kule mtoni, tukawachoma kwenye tanuri la tofali la shemeji yangu. Sheria za kijana tukazigeuza. Kwake kulikuwa na mizinga na theluji, sisi theluji tutaijulia wapi? Tukaweka matope ya masika, anayepita hapo anapoteza nusu ya mwendo. Tukaweka upepo wa mwezi wa sita, huo mnaoujua wenyewe, dadu ikitoa sita mishale yote inapotea na aliye kilimani anaanguka. Jeshi langu lilikuwa la huku juu, la mzee lilikuwa la bondeni Rukwa. Aliyejeruhiwa tulimfunga uzi mwekundu wa kushonea viatu, mguuni au mkononi, tusije tukamsahau. Na kila mmoja alikuwa na daftari lake, anaandika wale aliowaua wa mwenzake.

Sheria ya majina aliileta mzee. Alikuwa ananiona natuma askari kumi wafe ili nishike kakilima kamoja.

"Asiye na jina unamtupa tu," aliniambia. "Mpe jina la mtu unayemsalimia asubuhi, halafu tuone kama utamtuma kwenye upepo."

Tukagawana majina ya mtaa mzima. Kapteni wa bondeni alikuwa yeye mwenyewe, kapteni wa juu nilikuwa mimi. Na kweli, ndugu zangu, nilibadilika. Nikishika kale kaudongo kenye jina la mama wa maandazi, nilikuwa nafikiri mara tatu kabla ya kukasogeza.

Nawaambia, hatukuwa na baya hata kidogo. Tulichokuwa nacho ni aibu. Mtu mzima, ana watoto wanasoma, anacheza na vidoli vya udongo! Basi kila Jumamosi mchana tulifunga mlango wa nyumbani kwangu, tukashusha pazia, na tukimaliza tunafunika meza kwa kitambaa cheupe. Majirani walisikia dadu zikigonga mbao na mzee akicheka peke yake. Ninyi mnaishi Sumbawanga, mnajua mji wetu unavyosemwa huko nje kwa uchawi, na sisi wenyewe tunavyoogopana humu ndani. Nami niliyezaliwa hapa, nikakulia hapa, nafunga pazia! Hapo ndipo nilipokosea, wala sikujua.

Mzee akaugua kifua. Wiki moja tu, akafariki.

Siku ya mazishi nilikuwa makaburini na wachimbaji. Kule msibani vijana wakapita nyumba hadi nyumba kuazima meza na mabenchi, kama tunavyofanya siku zote. Mke wangu alikuwa anachambua maharage na wenzake, akawaambia ingieni tu ndani mkachukue. Wakaingia. Wakavuta kile kitambaa.

Hebu wazieni mlikuwa ninyi. Watu wa udongo thelathini na kitu, wengine wamelazwa chali. Mmoja ana uzi mwekundu mguuni, na chini yake kibandiko chenye jina la mama jirani ambaye kweli mguu ulikuwa umemvimba mwezi mzima. Pembeni daftari, mwandiko wangu, juu limeandikwa "Niliowaua". Na mstari wa mwisho kabisa, jina la mzee tunayemchimbia kaburi, amekufa, Jumamosi. Jumamosi ya wiki mbili kabla hajafa.

Kule makaburini nikaona mtu anakuja, anamnong'oneza mwenzake, mwenzake anamnong'oneza mwingine. Mmoja akanichukulia koleo mkononi, taratibu. Nikadhani ananipokea nipumzike. Nikamshukuru. Wote wakasogea upande wa pili wa kaburi, nikabaki upande wangu peke yangu.

Mwenyekiti wa mtaa akabeba kila kitu kwenye kiroba. Nikamweleza ni mchezo. Akaniuliza nacheza na nani. Nikasema na marehemu. Nilivyolisikia jibu langu mwenyewe, nikatamani kulirudisha mdomoni.

Kesho yake wateja wakaanza kuja kuchukua viatu. Havijashonwa, wanachukua hivyohivyo. Dada mmoja alichukua kiatu sindano yangu bado imechomekwa kwenye soli, akaondoka nayo. Nilielewa. Kiatu kina unyayo wa mtu, hawakutaka unyayo wao ulale kwangu. Mmoja alikuja kuchukua jozi yake, akazungusha macho kwenye kuta zangu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anaulizia bei:

"Nyumba za namna hii huwa zinachomwa."

Ndugu zangu, niliogopa. Sijui niseme namna gani mnielewe. Mlango ukigongwa nahesabu watoto. Nikafungasha begi, nikawapeleka stendi na mama yao ili wote twende Milepa, kijijini kwa kaka yake. Mke wangu akanikatalia palepale stendi, akasema nikikimbia nitakuwa nimekubali, na watoto watabeba hilo jina mpaka uzeeni. Wakaondoka wao, mimi nikarudi nyumbani. Nilikuwa nakaa mchana kutwa katikati ya chumba, mbali na madirisha. Nilijua mzee alikuwa na daftari lake kwao, lakini nani angenifungulia mlango wa msiba ule? Mjane angenionaje?

Siku ya tisa nikaitwa kwa mwenyekiti, saa tisa alasiri. Uwanja ulijaa. Kiroba kikamwagwa juu ya meza, na baadhi ya watu wangu wa udongo wakavunjika. Wengine walitaka aitwe mtaalamu wa kuwafichua wabaya, wengine walisema gharama ya nini na ushahidi upo mezani. Nikaambiwa nijitetee. Nilifungua mdomo, ikatoka sauti ndogo nisiyoijua. Nikaanza kueleza matope na upepo na futi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana ni mchawi mwenye utaratibu. Mtu wa nyuma akasema basi, imetosha. Watu wakaanza kuinuka. Hapo nikajua leo silali kwangu.

Ndipo wakapisha njia. Mjane alikuwa anaingia, kitambaa cheusi kichwani, wifi yake kamshika mkono. Mnajua mjane hatoki nje siku hizo. Waliokuwa wameinuka wakakaa. Akaja mpaka mezani, akatoa daftari chini ya khanga. Hakulia. Alisema yuko na daftari hilo siku tisa na alinyamaza kwa woga, maana akilionyesha angeambiwa nyumba zote mbili ni za uchawi mmoja. Akamwomba mwenyekiti asome kwa sauti. Mwandiko wa mzee kila mtu aliujua, ndiye aliyekuwa anawajazia fomu za mbolea.

Mwenyekiti akasoma. Fundi viatu, amekufa. Fundi viatu, amekufa matopeni. Fundi viatu, amekufa, alikimbia kwanza. Akafungua ukurasa mwingine, fundi viatu tena. Mara saba, ndugu zangu. Na katikati humo, mke wangu mwenyewe, amekufa kwa upepo.

Mjane akageuka, akatazama wote.

"Mume wangu amemuua huyu mara saba," alisema. "Kama ni uchawi, niambieni aliyesimama hapo anatetemeka ni nani."

Halafu yule mama wa mguu, ndugu zangu, yeye mwenyewe, akaanza kucheka. Akainua kale kaudongo kake, akafungua uzi mwekundu, akaniuliza ni nani aliyempiga. Nikamwambia ni mimi, nisamehe. Akasema hospitali wamemwambia ni sukari. Watu wakacheka, nami nikakaa chini mavumbini nikalia mbele za watu, bila aibu yoyote, kwa mara ya kwanza tangu mchezo ule uanze.

Nawashukuru. Mke wangu aliyenirudisha kutoka stendi. Mwenyekiti aliyehifadhi kiroba badala ya kukitia moto. Na mama yule mjane, aliyekuwa na haki ya kukaa ndani na msiba wake, akatoka. Siwezi kumlipa, hata viatu vyake nikishona maisha yangu yote.

Nilichojifunza ni hiki. Nilificha kitu kwa kuogopa kuchekwa, nikaishia kuogopwa, na nusura watoto wangu wabaki yatima. Kama una jambo lisilo na baya, lifanye pazia likiwa wazi. Watakucheka wiki moja, watachoka.

Siku hizi tunacheza barazani, Jumamosi, mchana kweupe, na mjane ndiye kapteni wa bondeni. Ananishinda kuliko alivyonishinda mumewe. Sheria moja tumeibadilisha: hakuna kumwandika mtu jina. Anayetaka kuwemo aje aliandike kwa mkono wake mwenyewe.

Na sasa nina neno kwa ndugu mmoja aliye humu, yule aliyechukua viatu vyake siku ile akatazama kuta zangu. Juzi ulipita barazani ukaniuliza kwa nini wewe hujatengenezwa kwa udongo. Sikukujibu, kwa sababu bado nakuogopa, nasema ukweli mbele ya Mungu. Lakini nimekutengeneza. Uko hapa mfukoni, nimekuchoma vizuri, umeshika mkuki. Kibandiko chako kiko kitupu na kalamu ninayo. Tukimaliza sala ya mwisho, nitakuwa hapo mlangoni.