Marundo Mawili ya Udongo: Maisha ya Nahashon Wathome Nyamai, 1958–2025

Waliofika mapema asubuhi ya leo hapa Kamulu wameyaona marundo mawili ya udongo kando ya kaburi, moja jeusi lililofunikwa kwa magunia, jingine la kijivu lenye mawe. Wengine wameuliza kama wachimbaji waligombana. Hawakugombana. Marehemu aliomba hivyo mwenyewe, na ombi hilo nusura limkosanishe na bintiye. Wasifu huu utaeleza jinsi ilivyokuwa, na vijana watakaoshika makoleo wanaombwa wausikilize mpaka mwisho.

Nahashon Wathome Nyamai alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958 katika mtaa wa Ziwani, Nairobi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nyamai Mbithi, karani wa reli, na marehemu Mama Ndindi, aliyeuza mboga Gikomba. Dada yake mkubwa, Kavutha, husimulia kwamba Wathome akiwa na miaka sita alichimba shimo nyuma ya nyumba akitafuta maji. Lilipomfika kifuani akashindwa kutoka. Mama alimvuta kwa mikono miwili, kisha akamwambia hatakula mpaka alifukie lote. Alilifukia. Kwa maneno ya Kavutha, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza, na mshahara wake ulikuwa ni githeri.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ziwani kuanzia mwaka 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne, alichomaliza mwaka 1975. Somo alilolipenda ni jiografia, hasa pale mwalimu alipochora mlima uliokatwa kama keki ili tabaka zake zionekane. Mwaka uliofuata alianza kujifunza kuendesha mitambo ya barabara. Aliendesha greda, kisha tingatinga, na kwa zaidi ya miaka thelathini alisawazisha barabara na kufukia mitaro sehemu nyingi za jiji hili. Hakupita popote pamoja na watoto wake bila kuwaonyesha alikofukia.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Carolyne Awiti, binti wa marehemu Mzee Tobias Odera aliyekuwa mfanyakazi wa baraza la jiji na jirani yao. Siku alipokwenda kujulishwa kwa wakwe, aliwekewa samaki, naye kwa kutojua akajichukulia kichwa, ambacho kilikuwa cha mwenye nyumba. Mzee Odera alimtazama akila hadi akamaliza, kisha akasema kwamba kijana asiyeogopa kichwa cha mkwewe hataogopa shemeji zake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Mutheu, Frankline na Adoyo. Mwaka 1991 walihamia mtaa wa Tena, ambako wamekaa hadi leo.

Mwaka 2012, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanahesabu miaka ya kustaafu, alipata kazi ya tingatinga katika mgodi wa makaa ya mawe kusini mwa Tanzania. Wengi wetu tulidhani atakuwa anaingia chini ya ardhi na taa kichwani. Mgodi huo ulikuwa wa wazi. Makaa yalilala karibu, chini ya udongo na mwamba, na kazi ilikuwa kuyafunua. Alipokuja likizo aliwaeleza majirani wa Tena kwa kutumia kitanda. Tuseme sarafu imeanguka chini ya godoro. Unaondoa blanketi na kuliweka peke yake, unaondoa shuka, unainua godoro, unaokota sarafu. Ukitandika tena huwezi kuanza na blanketi. Udongo mweusi wa juu ndio blanketi, mwamba ndio godoro, na makaa ndiyo sarafu.

Carolyne alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza mbele ya wageni, "Na hiki cha kwako, Baba Mutheu, mbona sijawahi kukuona ukikitandika?"

Lakini kule alitandika. Miti ikishakatwa, yeye na wenzake walikwangua udongo mweusi na kuulaza kando katika marundo mafupi, kwa sababu udongo uliorundikwa juu sana hufa ndani. Juu ya marundo hayo walipanda kunde ili udongo ukae hai na upepo usiupeperushe. Ndipo mwamba ulipotobolewa, ukapasuliwa kwa baruti, ukapakiwa kwenye malori. Haukupelekwa mbali. Ulimwagwa katika shimo la nyuma ambalo makaa yake yalikuwa yameshatolewa, hivyo kila shimo jipya likawa linajaza la zamani. Malori ya maji yalilowesha barabara kutwa ili vumbi lisifike vijijini, na maji ya shimoni yalipitishwa kwenye mabwawa yaache matope yake kabla ya kwenda mtoni. Shimo likijaa, marehemu alichonga miteremko iwe ya upole, akarudisha udongo mweusi juu, nyasi zikapandwa, kisha miti.

Kabla ya kuyajua hayo alikosea, na kosa hilo alilisimulia kuliko mafanikio yake yote. Nairobi alikuwa amezoea kwamba udongo ni udongo, unatoka mtaroni na kurudi mtaroni vyovyote ulivyopangana. Mwezi wake wa kwanza mgodini alikuta marundo mawili, akaona ni uchafu, akayasukuma yakawa moja, safi, tena kwa haraka ya kusifiwa. Msimamizi wake, Bwana Ndunguru, alikuja akalizunguka rundo hilo.

"Mkenya," alisema, "umekoroga uji na mchanga. Sasa nani ataunywa?"

Udongo ule uliochanganyika ulitandazwa kwenye kilima kimoja, na pale nyasi zilikataa. Kila mahali palikuwa kijani isipokuwa hapo. Wachimbaji walipaita Kipara cha Mkenya, na kwa kuwa marehemu naye alikuwa na upara tangu ujana wake, haikujulikana vizuri walikuwa wakicheka kipi. Alicheka nao. Ila kila Jumapili baada ya ibada alipanda kilimani na mkokoteni wa samadi aliyopewa na wanakijiji, akachimbua, akachanganya maganda ya mahindi, akapanda kunde na kuzilimia humo humo. Alifanya hivyo misimu minne ya mvua.

Mwaka 2018 alimpigia simu mkewe asubuhi na mapema. "Mama Mutheu," alisema, "kipara kimeota." Carolyne alimuuliza ametumia dawa gani. Picha iliyo nyuma ya programu hii ni ya kilima hicho. Mbuzi wanaoonekana ni wa wanakijiji, na marehemu ni yule asiye na kofia.

Alistaafu mwaka 2021, akaja kulima kipande hiki cha Kamulu. Mahindi yake yalifika Tena katika magunia, na hapakuwa na jirani aliyemtembelea akarudi mikono mitupu.

Mwezi Aprili 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alitibiwa vizuri, akarudi shambani mara mbili zaidi ya alivyoruhusiwa. Julai mwaka huu alilazwa tena, na hapo wodini ndipo alipotoa ombi lake: kaburi lake lisijengewe kwa simenti wala vigae. Udongo utolewe kwa mpango, urudi kwa mpango.

Frankline, ambaye alikuwa ameshanunua vigae bila kumwambia, alisema, "Buda, kaburi si shamba."

Mutheu ndiye aliyekataa kabisa, na alikuwa na sababu. Babu yake, Mzee Nyamai, alizikwa Makueni bila kujengewa. Mutheu alipokwenda kumtafuta akiwa na wanawe, hakulipata kaburi, akarudi na maua yake mkononi. Alimwambia babake kwamba hatakubali watoto wake wampoteze babu kama yeye alivyompoteza wake. Kwa siku kadhaa alikuja hospitalini, akamlisha, akamkunjia shuka, na hawakuzungumza mengi.

Marehemu ndiye aliyeanza. "Mutheu mama, weka jiwe dogo la jina," alimwambia. "Panda na mti wa mukau kichwani, utauona toka barabarani. Lakini msiniachie kipara."

Mutheu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Wakakubaliana hivyo. Vigae vya Frankline vitakwenda bafuni Tena, ambako mama yake amevisubiri tangu 2016, na hilo nalo marehemu alilipitisha kwa furaha.

Alitutoka kwa utulivu asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Ameacha mjane, Carolyne Awiti, watoto, Mutheu na mumewe Simiyu, Frankline, na Adoyo, wajukuu wanne, dada yake Kavutha, na marafiki wa Ziwani, Tena na kule kilimani, ambako Bwana Ndunguru ametuma salamu na kifuko cha mbegu za nyasi.

Basi vijana wetu, anzeni na rundo la kijivu. Shindilieni kidogo kidogo, msiharakishe kusifiwa. Rundo jeusi msiliguse mpaka mwambiwe, na likishawekwa asilikanyage mtu. Karai la mwisho ni la Mutheu. Mche wa mukau uko pale kwenye ndoo, na mbegu atazirusha Mama Carolyne, ambaye amesema leo atamtandikia kwa mara ya mwisho.

Nahashon, lala salama, na majani yakuotee.