Mzee Taratibu na Mashine Sitini na Tatu

Mzee tunayemsindikiza leo, ambaye mafundi na wateja walimwita Mzee Taratibu, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1943, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wote wa kiume. Alikuwa mtoto asiyelala bila kelele. Mashine ya kukerezea chuma ikizimwa tu, analia, na mama yake alizoea kumwambia mumewe, "Washa hilo dude lako, mwanao alale."

Baba yake alianza kama fundi wa kurekebisha mashine za kuchapia za watu wengine. Vipuri vilipoadimika akawa anavitengeneza mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka mwaka 1938 alipoona kwamba ameshatengeneza kila kipande, imebaki kuviunga tu. Mashine ya kwanza ilimchukua miezi kumi na minne. Ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, nzito, haina makuu, na ilichapa vizuri. Hivyo ndivyo karakana ya familia ilivyoanza kuunda mashine zake yenyewe.

Marehemu alisoma shule ya msingi hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1958, kisha akasomea ufundi wa chuma kwa miaka miwili. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kumkuta akichora gia pembezoni mwa daftari. "Haya ndiyo majibu yako?" akamuuliza. "Hapana, mwalimu. Haya ni meno." Mwalimu alicheka sana, kisha akampa sifuri.

Mwaka 1961 aliingia karakanani rasmi, na mdogo wake akamfuata miaka minne baadaye. Jina la Taratibu alilipata hapo, kwa kuwa hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyeshika nyundo. Karakana ile ilikuwa na desturi moja. Rula ya kupimia ilikuwa moja tu, ya chuma, ya baba yao, nayo ilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Mafundi walikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alingoja zamu yake. Aliyeleta rula yake kutoka nyumbani aliambiwa airudishe huko huko. "Nyumba moja, rula moja," baba yao alikuwa akisema.

Mkewe alimpata kazini. Alikwenda kufunga mashine katika kiwanda kimoja cha uchapaji, na binti aliyekuwa akikunja karatasi pale akamtazama kwa muda, kisha akamwambia, "Fundi, mashine yako inakunja karatasi kuliko mimi, na hakuna aliyeituma." Marehemu alirudi mara tatu kuirekebisha. Mara ya tatu mashine haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Baba yao alifariki Mei 1975. Kwa heshima, rula yake iliwekwa kabatini, ikanunuliwa mpya. Mwaka uliofuata mteja wao wa siku nyingi, Mama Madaftari, aliyekuwa akichapa madaftari ya shule, aliagiza gia ya mashine aliyoinunua kwa baba yao. Baada ya wiki moja akairudisha ndani ya kikapu. "Mwanangu, hii imekataa kuingia. Nimeibembeleza, nimeipaka grisi, imekataa." Marehemu alipima tena, akaona gia iko sawasawa. Ndipo alipotoa rula ya baba yake kabatini, akazilaza zote mbili mezani. Ile ya zamani ilikuwa pungufu kwa nusu milimita. Zamani sana, kabla ya mashine ya kwanza, ilianguka sakafuni ikajikunja pembeni, na baba yao akaisawazisha kwa tupa, akakata mwanzo wake bila kujua. Mashine zote sitini na tatu walizouza zilipimwa kwa rula hiyo. Ndiyo maana kipuri cha kutoka kwingine kokote hakikuwahi kuzifaa, na wenye mashine walidhani mzee yule ni mjanja wa biashara.

Mdogo wake alisema waitupe rula, wakae kimya, na mashine za zamani zikiharibika, wenye nazo wataambiwa zimezeeka. Marehemu hakukubali. Aliwaandikia wateja wote sitini na tatu kwa mkono wake, mkewe akifunga bahasha. Aliandika kwamba karakana ilikosea kipimo tangu mwanzo, na kwamba maadamu yu hai kila mwenye mashine ya zamani atapata kipuri kinachoingia.

Barua zile zilimgharimu. Wateja tisa walirudisha mashine, mafundi saba wakaondoka. Mdogo wake aliona jina la baba yao limepakwa matope, naye akatoka Februari 1977, akaenda kuuza mashine zilizotengenezwa na watu wengine. Kwa miaka arobaini na sita hakukanyaga tena karakanani. Kaka na mdogo wake walisalimiana misibani na harusini kama watu waliowahi kukaa pamoja kwenye basi.

Marehemu alipanga meza mbili, moja kila upande wa ukuta. Ya kushoto ilikuwa ya rula ya baba, ya kulia ya rula mpya, na vipuri havikuruhusiwa kuvuka. Taratibu kazi ilirudi. Karakana iliunda mashine nyingine mia na kumi na mbili, na zama za kompyuta zilipofika ikageukia mashine za kukatia karatasi, ambazo binti yake mkubwa anazisimamia hadi leo. Lakini meza ya kushoto ilibaki ya marehemu peke yake.

Oktoba 2021 mikono yake ilianza kutetemeka. Madaktari walisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Alipokea kwa moyo wa sala, ila jambo moja lilimkosesha raha: mashine kumi na saba za zamani bado zilikuwa zikifanya kazi, na vipimo vya vipuri vyake havikuandikwa popote. Vilikuwa mikononi mwa watu wawili tu walio hai, yeye na mdogo wake.

Januari mwaka huu mkewe alikwenda nyumbani kwa mdogo wa marehemu. "Shemeji, sikuja kukubembeleza," alimwambia. "Kaka yako ana gia moja mezani imemshinda."

Mdogo wake alikuja kesho yake, akakaa kitandani kwa kaka yake.

"Ulimvua baba nguo mbele ya watu," alisema.

"Baba angelijua, angeandika mwenyewe."

"Hilo nililijua siku ile ile. Kilichoniuma ni kwamba ulituma zile barua bila kuniambia. Karakana ilikuwa yetu wawili."

"Hapo nilikukosea," marehemu akasema. "Niliogopa ungenizuia, nami ningekubali. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilishakusamehe, nilikuwa mbishi tu. Haya, hiyo gia iko wapi?"

Tangu wiki hiyo alikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Marehemu alipelekwa kwa kiti cha magurudumu hadi karibu na meza ya kushoto, akamtazama mdogo wake akipiga tupa, naye binti yake akijifunza pembeni. "Taratibu," alikuwa akisema. "Niache, mimi ni mtu mzima," alijibiwa. Miezi hiyo mitatu ilikuwa zawadi ya Mungu kwa nyumba yetu.

Alifariki Jumanne tarehe 9 Aprili 2024, saa tano asubuhi, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa pekee. Wenye mashine za zamani mliofika kutufariji, msiwe na wasiwasi. Mdogo wa marehemu ameomba itangazwe hapa kwamba atakuwa karakanani kuanzia Jumatatu, pamoja na binti mkubwa wa marehemu.

Ee Mungu uliyempa mja wako subira, mpe sasa na pumziko lenye amani. Amina.