Nani Analindaka Pompe?

Pa kona ya soko ya Kikula, ku banc ya Mama Suzanne, muuza kahawa, bantu habakosekanake. Tangu kazi ya kiwanda ilianguka, wazee ya usine banakuyaka pale asubui, banakunywa kahawa, banabishana sawa mushahara ingali inaingia. Lakini ile asubui Suzanne alikuwa anaiva na kasirani. Bwana yake Evariste, bote banamwitaka Machiniste juu alikuwa analindaka pompe ya kupandisha mayi ku usine, alikuwa na macho mekundu sawa mafuta ya mawese. Infirmier ya hospitali alimupima, akamwambia tension ya damu iko juu. Tangu pale, anakatala kulala.

— Suzanne, ongeza kahawa, Evariste akasema.

— Ulale, baba! Utakufwa macho wazi!

— Nilale, na pompe nimuachie nani? Ku usine, machiniste akisinzia, mayi inarudia chini. Damu nayo njo vile, moyo njo pompe yake.

Mathieu, banamwitaka Barrage juu alitumikaka ku barrage ya kuzuia mayi kule Mwadingusha, akaruka:

— Bongo, uongo mutupu! Damu inashukaka yenyewe, sawa muto Lufira! Angalia miguu yake: imevimba, lac, ziwa nzima, iko pale! Tumuinamishe kichwa chini, irudie. Bankambo, wazee ya zamani, balisema: mayi ikimwangika, haizolekake!

— Sasa kama haizoleke, unamupindulia nini? Suzanne akauliza.

Alexis, fundi ya mabomba ya mayi, banamwitaka Robinet, akacheka mpaka kahawa ikamutokea mu pua.

— Ninyi bawili hamuelewe! Tuyau, bomba ya damu, njo imefinyika. Mayi mingi, njia ndogo: inasukuma bukali! Tumutobole kidole, pression, ile nguvu ya kusukuma, ishuke. Mukono moya hauchinjake ng'ombe, leteni wembe!

— Wembe? Robinet, tuyau ya mu lupango ya nyumba yangu ulitengeneza weye, ingali inavuya mpaka leo! Suzanne akalalamika.

Barrage alishakamata muguu, Robinet kidole, kila mumoya anavuta kwake. Pale pale Emérance, binti ya Suzanne, akatokea na mutoto mu mugongo.

— Papa, banakuchinja?

— Hapana, mwanangu. Minalinda moyo, isisimame.

Emérance akafungula kitambala, akamulalisha mutoto pa kifua ya nkambo yake. Kitoto kilikuwa kinakoroma. Evariste akaweka mukono pa mugongo yake, akasikia moyo: tu, tu, tu.

— Na huyu, papa? Analala tangu jana magaribi. Nani alikuwa anamulindia pompe?

Barrage akaachilia muguu. Robinet akaachilia kidole.

Machiniste akaanza kupumua sawa mutoto, pole pole, macho ikawa nzito. Lakini kichwa nguvu ni ya kuzaliwa nayo: akanyoosha kopo.

— Kahawa imeisha, Suzanne akasema, na birika ilikuwa ingali imejaa, inamulemea mukono.