Protini ya Nice

Kijiwe chetu hapa Natta kipo nje ya gereji ya pikipiki ya Simoni. Jumamosi asubuhi, kabla hata kahawa haijamiminwa, Kornelio alifika na karatasi ya mtihani wa binti yake Nice, wa kidato cha tano. Swali la kumi amepata sifuri, na tangu jana anasema baiolojia basi.

Kornelio: Someni wenyewe. Wameuliza, protini kubwa inaingiaje kwenye kiini cha seli? Mtoto kajibu: inatengenezwa nje ya kiini, ina alama yake. Kuna mbebaji anaitambua ile alama, anaishika, anapita nayo kwenye tundu la utando wa kiini. Akifika ndani anaiachia, anarudi nje kufuata nyingine. Mwalimu kakata. Kaandika, “Inajipenyeza yenyewe.”

Nashoni tunamwita Geti. Alilinda lango la hifadhi miaka kumi na minane, na neno lile lilimuuma.

Geti: Inajipenyeza, mura? Mimi sungura alipita chini ya kizuizi, sikumuuliza. Lori je? Lori lijipenyeze nikiwa nimesimama pale?

Kornelio: Na kitabu kinasema hivyo hivyo. Vidogo vinapita, vikubwa vinabebwa.

Simoni: Huyo mwalimu hajakosea. Kakusudia. Hawataki watoto wa huku wawe madaktari.

Geti: Mimi nasema viini vyake mwenyewe havina mlinzi. Vinaingia vitu ovyo, ndiyo maana alichosoma kimetoka.

Simoni: Basi apimwe. Tuandike barua wilayani, walimu wote wapimwe viini.

Geti: Wilayani wataikalia. Peleka mkoani Musoma, na nakala wizarani.

Simoni alikuwa ameshashika kalamu. Hapo Rhobi, mke wa Kornelio, alikuwa amesimama nyuma yetu na ndoo ya unga, akitoka mashineni. Alitusikiliza mpaka mwisho.

Rhobi: Kwa hiyo Nice alipata.

Kornelio: Alipata kabisa. Ule ukurasa nimeusoma mara tatu, na leo nimewaeleza watu kuanzia sokoni mpaka hapa.

Rhobi: Nimemwacha nyumbani anafungia madaftari yake kwenye kiroba. Yeye mwenyewe umemwambia, Baba Nice?

Geti akainamia kikombe chake. Simoni akaweka kalamu chini. Tulipogeuka kumtazama Kornelio, alikuwa ameshavuka barabara, karibu anakimbia.