Dakika Tatu za Kimya Redioni

Bi Chuang Shu-o ametumikia Redio Sauti ya Chumvi, hapa Budai, mji wetu wa pwani, miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Tarehe 30 Juni anastaafu. Wasifu huu wa kumuaga nimepewa kuuandika mimi, fundi mitambo niliyeishia darasa la sita, kwa sababu wenye digrii wanaogopa kalamu yake nyekundu.

Alianza kwa kusoma bei za chaza na matangazo ya misiba. Baadaye akapewa kipindi cha afya, kikabanwa katikati ya wauza dawa wa redioni: kabla yake dawa ya magoti, baada yake dawa ya figo. Yeye katikati akawaambia watu kwamba magoti yao yanataka kitambi kipungue. Wauza dawa hawamsalimii mpaka leo. Ana tuzo mbili. Moja anazuilia mlango.

Kisha ikaja korona. Barakoa zilikuwa za mgao, tatu kwa mtu kwa wiki. Bi Chuang akasoma tafiti mpaka macho yakawa mekundu, akaeleza hewani kwamba barakoa yaweza kutiwa kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, joto likaua virusi, ikavaliwa tena. Alieleza vizuri mno. Alisahau kitu kimoja: kusema tusitie maji. Sasa nani Budai amewahi kubonyeza sufuria ile bila kumimina kikombe cha maji kwanza? Hata mimi nilimimina.

Asubuhi yake akapiga simu Bibi Lim, mpasua chaza wa miaka themanini.

"Mwanangu, barakoa zimeiva. Nizile na mchuzi wa soya, au hivi hivi?"

"Bibi, ulitia maji?"

"Kwani kwenu mnapika bila maji? Mama yako alikufundisha nini?"

Tulicheka, kisha tukaacha. Bibi alikuwa ameharibu zote tatu, na kwenye kibanda cha kupasulia chaza anakaa bega kwa bega na wenzake kumi.

Mkurugenzi Hung akasema, "Tunyamaze. Tukikiri, nani atatuamini tena?"

"Bosi, watu wanaendelea kuzichemsha hivi sasa. Nipishe."

Bi Chuang akaingia studio na sufuria ya kwake, akaivutia kipaza sauti. "Jana nilikosea mimi, si nyinyi. Leo tunafanya pamoja, kavu. Atakayetia maji nitamjua." Akabonyeza, akanyamaza. Dakika tatu redio kimya. Kwa fundi, hiyo ni sawa na suruali kudondoka sokoni. Hung anagonga kioo. Mara swichi ya sufuria ikaruka yenyewe: tak. Budai nzima iliisikia. Jioni Bi Chuang akampelekea Bibi Lim barakoa zake mwenyewe.

Chanjo zilipofika, uvumi ulijaa kila mahali. Bibi Lim akapiga simu, tukiwa hewani.

"Yule daktari wa kwenye televisheni hajawahi kukosea hata siku moja, simwamini. Chuang alikosea akasema. We Chuang, umechanja?"

"Jana, bibi. Mkono unauma kweli."

"Basi nakuja kuchanjwa na kibanda kizima."

Wakaja wote kumi na mmoja, na mabuti yao ya mpira.

Dada Chuang, asante kwa kutuheshimu kiasi cha kutuambia ukweli. Nenda na afya, ulale mpaka jua likuchome. Na ukikosea jambo huko nyumbani, mwachie mumeo lawama. Zamu yako ya kukiri umeimaliza.