Ulimi wa Phelesia na Kipimo cha Willis

Wasikilizaji wapendwa wa redio hii, leo neno hilo "wapendwa" linanikwama kooni. Wengi wenu mlimcheka marehemu akiwa hai. Asubuhi hii mlijaa uani kwao Karungu mkisubiri chakula cha matanga, na kaburi lilikuwa halijachimbwa. Mama yake alikuwa amekataa.

Marehemu ni Willis Oluta. Nasema tena: Willis Oluta, mpimaji wa dawa za mitishamba katika maabara ndogo mjini Homa Bay. Ugonjwa wa ini ndio uliomuua.

Mama yake, Phelesia, hutibu watu kwa ogaka, yaani shubiri. Watu hutoka mbali, hata Macalder, kuja kunywa kikombe chake. Hukamua majani, huchanganya maji, kisha huonja. Uchungu ukitosha, dawa iko tayari.

Mwaka 1996 Lynnet, dada yake Willis, alikuwa mjamzito na tumbo lilimsumbua. Mama akampa kikombe kila asubuhi. Lynnet akaharisha, kisha akaona damu. Willis akakipeleka kikombe hicho Homa Bay. Akadondosha tone juu ya kioo chenye unga mweupe, kando ya tone la dawa ambayo kiasi chake kilijulikana. Akakisimamisha kioo ndani ya spiriti. Spiriti ilipopanda, kile kinachoharisha kikajitenga, kikaacha doa la manjano. Doa la mama lilikuwa zito kupindukia. Willis alishawahi kupima vikombe vya mama vya miaka ya nyuma. Kila mwaka doa lilizidi.

Majani hayakuwa na kosa. Ulimi wa mama ulikuwa umezoea uchungu. Nasema tena: ulimi ulizoea, na dawa ikazidi.

Lynnet ananisimulia: "Alimwambia mbele ya wagonjwa. Hapo ndipo alipoharibu. 'Mama, ulimi wako haushiki uchungu tena. Unaongeza bila kujua.'

"Mama akasimama. 'Umesema ulimi wangu umekufa?'

"'Sijasema umekufa, Mama.'

"'Ulimi huu ndio uliokuonjea viazi, wuoda, mwanangu! Nilikunywa ogaka wewe ukiwa tumboni. Ungeharibika wakati huo, tungepumzika!'

"Wagonjwa wakacheka. Mmoja akauliza, 'Daktari wa vioo, na mate yangu utapima?'"

Willis akakimwaga chungu cha dawa. Ndiyo, alimwaga chungu cha mama yake mbele ya watu. Naye mama akamfukuza: "Usikanyage dala yangu, boma hili, hata ukiwa maiti!"

Lynnet alijifungua salama. Ninyi mkaendelea kunywa na kucheka. Willis hakurudi nyumbani tena, ila leo, ndani ya jeneza.

Asubuhi hii wanaume walikaa vitini, wakiogopa neno hilo la mama. Lynnet akashika jembe, akaanza kuchimba.

Mama akatoka mbio. "Acha! Mwanamke hachimbi kaburi!"

"Basi waambie hawa wanaume wako."

Phelesia akawageukia wanaume. "Chimbeni," akasema. "Lakini sijamsamehe." Akaingia ndani, akafunga mlango. Willis alizikwa bila yeye.

Wasikilizaji wapendwa, wewe utakayempa mjamzito kikombe kesho, jiulize: kiasi hiki nimekijuaje? Na kama hujui, unamcheka nani?

Pole, Lynnet. Poleni, watu wote wa nyumba hiyo. Pole nawe, Mama Phelesia. Najua unasikiliza, na najua pole yetu huitaki. Chukua tu.